Blaser R8: mtutu upi ununue kwanza, na upi uuache dukani

Blaser R8 ni bunduki ya kuwinda inayotengenezwa Isny, kusini mwa Ujerumani, na imekuwa sokoni tangu 2008. Watu huinunua kwa sababu moja kubwa: mtutu unatoka na mwingine unaingia kwa dakika chache, huku kitako na kifyatuo vikibaki vilevile. Kaliba zake zinaanzia .22 LR ya kufanyia mazoezi na kufika .500 Jeffery ya tembo. Kiwanda chenyewe kimezipa bunduki zake mbili za safari majina ya Selous na Kilombero, kwa hiyo Tanzania imo kwenye orodha ya bei.

Ubora wa kazi hauna mjadala. Shida ipo kwenye kuchagua. Mnunuzi anaanza na .308 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani, mwaka unaofuata anaongeza .300 Winchester Magnum, kisha anapata safari ya nyati na kulazimika kununua .375. Mwisho wake ana mitutu mitatu, vichwa viwili vya bolti (bolti ni chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), vipande vya magazini vinavyofanana kwa macho, na darubini moja inayohamishwa huku na huku. Mtutu mmoja wa R8 hukaribia bei ya bunduki nzima ya kawaida, hivyo makosa ya mpangilio yana gharama. Ushauri wetu: anza na mnyama mkubwa kuliko wote utakayemwinda kihalali, ujue familia ya ganda (kopo la risasi linalobeba baruti) la kaliba inayomfaa, halafu teremka ukibaki ndani ya familia hiyohiyo kadiri inavyowezekana.

Familia za ganda

Kichwa cha bolti kinashika ukingo wa nyuma wa ganda. Kipenyo cha ukingo huo ndicho kinachoamua ni mitutu gani itatumia kichwa kimoja.

Familia ndogo ina ukingo wa milimita 9.6. Humo mna .222 Remington, .223 Remington na .300 Blackout.

Familia ya kati ina ukingo wa takriban milimita 12. Ndiyo yenye watoto wengi: .243 Winchester, 6.5 Creedmoor, 7x57, .308 Winchester, .30-06 Springfield, 8x57 IS na 9.3x62.

Familia ya magnum ina ukingo wa milimita 13.5, na maganda yake mengi yana mkanda juu kidogo ya ukingo. Humo mna 7 mm Remington Magnum, .300 Winchester Magnum, .338 Winchester Magnum, .375 H&H, .416 Remington Magnum, .458 Winchester Magnum na .458 Lott. Kwa hiyo .300 na .375 zinatumia kichwa kimoja cha bolti, wakati .308 na .375 hazitumii. Duka lisipokueleza hilo kabla hujalipa, ondoka.

Kichwa cha bolti peke yake hakitoshi, maana urefu wa risasi nzima nao una neno. Risasi ya .308 ni milimita 71, ya .30-06 inakaribia 85. Zote ni za familia ya kati na bolti ni ileile, lakini kipande cha ndani cha magazini ni tofauti. Kwenye magnum, .300 Winchester na .458 Winchester zinaishia karibu 85, ilhali .375 H&H, .416 Remington na .458 Lott zinafika milimita 91. Kipande cha magazini kina alama yake. Ilinganishe na kaliba iliyochongwa kwenye mtutu kila unapobadilisha, usikadirie kwa jicho. Familia ya kati hubeba risasi 4 kwenye magazini, magnum 3, mbali na ile iliyo chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikipigwa.

.375 H&H: mtutu wa kwanza kwa anayewinda Tanzania

Kenya ilifunga uwindaji 1977, kwa hiyo mazungumzo ya kaliba kubwa kwa Afrika Mashariki ni mazungumzo ya vitalu vya Tanzania. Kiwango cha chini kwa wanyama wakubwa wa hatari ni .375. Hapo ndipo 9.3x62 inapokwama. Ni kaliba nzuri sana. Otto Bock wa Berlin aliitoa 1905 kwa ajili ya walowezi wa makoloni ya Kijerumani, na wengi wameiangushia nyati kwa miaka mingi. Lakini milimita 9.3 ni inchi .366, na .366 haifiki .375. Namibia, ambako sheria inahesabu nguvu badala ya kipenyo, nyati anadai jouli 5400 kwenye mdomo wa mtutu; 9.3x62 yenye risasi ya gramu 18.5 inatoa karibu 4800. Imekosa kote kuwili. Anayewinda nguruwe pori Ujerumani na kuja mara moja kuwinda pofu au tandala ataridhika nayo kabisa, na faida yake ni kwamba inakaa familia moja na .308 na .30-06. Kwa nyati, hapana.

.375 H&H ilitoka 1912 na haijapata mbadala wa kweli. Risasi ya gramu 19.4, ile ambayo sanduku linaiandika greni 300, inatoka kwa karibu mita 770 kwa sekunde na kubeba jouli 5700 na ushee. Inatosha kwa nyati, kiboko na simba, na haimharibu mno tandala. Kwa mtutu wa R8 wa sentimita 65, bunduki ikiwa na darubini, teke lake linavumilika kwa mtu wa kawaida aliyefundishwa kusimama vizuri. Faida nyingine ni upatikanaji. Sanduku lako likipotea uwanja wa ndege, .375 H&H ndiyo risasi ambayo kambi ya uwindaji ina uwezekano mkubwa kuwa nayo. Kaliba za mtindo mpya huzipati huko kwa bei yoyote, na mtutu usio na risasi hauna kazi.

Jambo moja la kushughulikia mapema: .375 inahitaji risasi za aina mbili, laini inayofunguka mwilini na ngumu inayopenya bila kubadilika umbo. Zote mbili zitue karibu pamoja kwenye karatasi ya mita 100. Mara nyingi hazitui. Chukua laini moja na ngumu mbili au tatu za viwanda tofauti, piga tatutatu kila aina, bakiza ngumu inayotua ndani ya sentimita 5 kutoka kwenye laini. Fanya hivyo kabla ya kununua masanduku mengi, kwa sababu mitutu miwili ya kaliba ileile kutoka kiwanda kilekile inaweza kupenda risasi tofauti.

Mtutu wa pili

Kwa aliyeanza na .375, .300 Winchester Magnum ndiyo jibu jepesi. Imekuwepo tangu 1963, risasi ya gramu 11.7 inakwenda mita 900 kwa sekunde, na ukiilenga mita 200 utakuwa chini kwa takriban sentimita 20 ukifika mita 300. Kongoni, nyumbu, pala hala, kuro na pofu wote wamo. Bolti hubadilishi. Unabadilisha mtutu, unakagua kipande cha magazini, basi.

Kuna wanaosema .375 inatosha peke yake, hivyo mtutu wa pili ni anasa. Kwa safari moja ya siku saba yenye nyati na wanyama wachache wa mbugani, wana haki. Mtutu wa pili unaanza kulipa pale unapowinda pia nyumbani kwako. Ujerumani, kwa mfano, sheria inataka jouli 1000 kwenye mita 100 kwa paa mdogo wa huko, na kwa wanyama wengine wenye kwato iliyogawanyika inataka kaliba isiyopungua milimita 6.5 na jouli 2000 kwa umbali huohuo. 6.5 Creedmoor, 6.5x55, 7x57 na .308 zote zinavuka. .243 haivuki ile ya pili, hata kama nguvu inatosha, kwa sababu kipenyo hakifiki 6.5. Watanzania na Wakenya walioko Ujerumani wanaosomea leseni ya uwindaji hukutana na swali hili kwenye mtihani.

Kati ya hizo za kati, .308 inashinda kwa wingi na bei ya risasi, na mtutu wake unaweza kuwa mfupi bila kupoteza sana. 6.5 Creedmoor ina teke dogo na risasi ndefu zinazokata upepo vizuri, nzuri kwa mwenye kiwanja cha kupigia shabaha mita 300 na zaidi. 7x57 ina historia kubwa upande wetu, mwindaji W. D. M. Bell aliwaangusha tembo wengi kwa kaliba hiyo, na jina lake la Karamojo linatokana na Karamoja ya Uganda. Alikuwa akipiga ubongo kwa risasi ngumu, karibu, kwa ujuzi wa mwili wa tembo ambao wachache wanao. Asitajwe dukani kama sababu ya kumfuata nyati na 7x57.

.416 na .458: nani anazihitaji

Mwindaji bingwa anayemfuata nyati aliyejeruhiwa vichakani anazihitaji. Mgeni anayekuja mara moja kwa miaka mitano, hapana. .416 Remington Magnum inasukuma gramu 25.9 kwa mita 730 kwa sekunde, karibu jouli 6900. .458 Lott inasukuma gramu 32.4 kwa mita 700, karibu jouli 7900. Teke linapanda haraka kuliko faida, na mpigaji anayefumba macho kabla ya kubana kifyatuo atakosa kwa kaliba yoyote.

Ukichagua kati ya hizi mbili, angalia mambo mawili. La kwanza, .416 Remington na .416 Rigby zinatupa risasi ya kipenyo kimoja kwa mwendo unaokaribiana, lakini maganda ni tofauti kabisa. Ukingo wa Rigby ni milimita 15 na hauingii kwenye kichwa cha magnum. Kambi ikikuambia ina risasi za .416, uliza ya nani. Rigby inafanya kazi kwa shinikizo la juu la baa 3250, Remington inakwenda hadi 4300. Oktoba kwenye bonde la Kilombero, risasi zilizoachwa mbele ya kioo cha gari zinapata joto kali, baruti inawaka kwa nguvu zaidi, na ganda linaweza kung'ang'ania chemba. Bolti ya kuvuta moja kwa moja haina ule mzunguko wa mkono unaolegeza ganda taratibu kama bolti ya kawaida ya kugeuza, kwa hiyo R8 inadai chemba safi na risasi zisizopikwa juani. Weka risasi kwenye mkoba wa ngozi kivulini.

La pili, .458 Lott ina faida ya kipekee: chemba yake inapokea pia .458 Winchester Magnum na kuipiga kwa usalama. Ganda la Winchester ni lilelile, fupi tu. Risasi za Lott zikikuishia, .458 Winchester inaweza kukuvusha, ila lenga upya kwa sababu itatua mahali pengine. Kinyume chake hakiwezekani. Lott haiingii kwenye chemba ya Winchester.

.500 Jeffery tunaiacha. Inadai kichwa chake cha bolti, na idadi ya watu wanaoipiga vizuri ni ndogo.

Kubadilisha mtutu, hatua kwa hatua

Kwanza ondoa mvutano wa spring ya pini inayopiga risasi kwa kile kitelezi cha kidole gumba nyuma ya bolti. Bunduki hii haina kizuio cha kawaida. Mpaka usukume kitelezi mbele, spring ya pini haijabanwa. Fungua bolti, tazama chemba, ingiza na kidole. Bonyeza vitufe viwili vya pembeni, magazini na kifyatuo vitoke pamoja kama kipande kimoja. Toa bolti.

Chini ya kitako kwa mbele kuna skrubu mbili. Zilegeze kwa ufunguo wa T wenye ncha ya pembe sita unaokuja na bunduki. Skrubu hazitoki kitakoni, hivyo huwezi kuzipoteza nyasini. Inua mtutu juu.

Hapa ndipo watu huharakisha. Futa sehemu mtutu unapokalia, juu na chini, kwa kitambaa kikavu. Punje moja ya mchanga ikibaki hapo, mtutu unakaa ukiwa umeinama kidogo na risasi inahama kwenye karatasi. Wengine hulaumu darubini kwa tatizo hili. Weka mtutu mpya wima, kaza skrubu zote mbili nusunusu, kisha malizia kukaza kwa nguvu ya mkono, kila mara kwa nguvu ileile. Usitumie bomba kuongezea ufunguo urefu.

Ukihama familia, badilisha kichwa cha bolti. Hakihitaji zana nyingine. Ukisahau na kuacha kichwa cha kati, ukingo wa magnum hautaingia na bolti haitafunga, hivyo utagundua. Hatari ipo upande wa pili: kichwa cha magnum na risasi ya familia ya kati, ambapo ganda linakaa legelege. Usijaribu kabisa. Soma alama ya kichwa, alama ya kipande cha magazini, na maandishi ya mtutu, zote tatu, kabla risasi haijaingia.

Hatari nyingine ni risasi kuchanganyika mfukoni. .300 Blackout inaweza kuingia kwenye chemba ya .223, ikipigwa mtutu hupasuka. .308 inaingia kwenye chemba ya .30-06 na ganda huweza kuraruka. Mwenye mitutu ya aina hizo atenge mikoba kwa rangi, na asitoke na kaliba mbili mwilini hata siku moja.

Darubini

Kishikio cha Blaser kinakaa juu ya mtutu wenyewe, kwenye vikato vilivyochongwa, kwa mikono miwili ya kukaza. Kwa hiyo shabaha inakaa na mtutu. Mpango bora ni darubini moja kwa kila mtutu: ndogo ya mara 1 hadi 6 kwa .375, kubwa zaidi kwa .300. Ukilazimika kutumia moja, lenga .300, kisha hamishia .375, hesabu kliki (hatua za kurekebisha darubini) hadi ikae sawa, andika namba hiyo kwenye kipande cha plasta ndani ya kifuniko cha kliki. Darubini nyingi za Ulaya zina kliki ya sentimita 1 kwenye mita 100. Kurudi kwenye shabaha baada ya kutoa na kuweka ni jambo ambalo R8 inalifanya vizuri kweli, lakini ukishafika kambini piga mbili au tatu hata hivyo, maana safari ya ndege na gari inaweza kugonga kioo.

Mpangilio wa ndege unapendeza. Mtutu ukitoka, bunduki inaingia kwenye sanduku fupi. Risasi zina kikomo cha kilo 5 kwa abiria, na mwenye kaliba mbili anagawana kilo hizohizo. Risasi nzima ya .375, pamoja na ganda na baruti, inakaribia gramu 42, kwa hiyo 40 za .375 na 60 za .300 zinabaki chini ya kikomo. Kwenye fomu za kibali andika kila mtutu na kaliba yake na namba yake, usiandike bunduki moja tu.

Kasoro za bunduki yenyewe

Kifyatuo na magazini kuwa kipande kimoja ni uzuri wa usalama na udhaifu wa porini. Ukikidondosha mtoni umebaki na fimbo. Ndani yake kuna kifungio kinachozuia vitufe visifunguke kwa bahati mbaya. Kifunge kabla ya kuingia vichakani. Kitelezi cha kidole gumba kinahitaji nguvu, na mwenye mkono mdogo au aliyevaa glavu ajizoeze nyumbani mpaka akisukume kimyakimya. Kwa kaliba kuanzia .375, lipia kile kipunguza teke cha ndani ya kitako chenye chembe za tungsten. Uzito unaoongezeka unasaidia kuliko unavyochosha. Kitako cha wazi, kama cha Selous, kinafaa zaidi kaliba kubwa kuliko kile chenye tundu la kidole gumba, kwa sababu mkono unahama haraka kati ya kifyatuo na bolti.

Washindani wapo. Merkel Helix inabadilisha mtutu bila ufunguo wowote, na Sauer 404 ina bolti ya kugeuza kwa anayetaka nguvu ya kulegeza ganda, huku ufunguo wake ukiwa umefichwa kwenye kishikio cha mkanda wa mbele.

Anayenunua mitutu iliyotumika awe macho na R93, bunduki iliyotangulia hii. Mitutu ya R93 haiingii kwenye R8, ingawa muuzaji asiyejua anaweza kukuambia Blaser ni Blaser. Kishikio cha darubini cha R93 kinaingia bila tatizo, na ndicho kitu cha kununua mkononi kwa mtu kwa moyo mkunjufu. Kabla ya kulipia mtutu wa zamani wa R8, tazama alama ya upimaji wa shinikizo karibu na chemba, pitisha taa ndani uone kama mistari mbele ya chemba bado ina kingo kali, na uweke mtutu kwenye kitako chako mwenyewe ukaze skrubu zote mbili. Zikikaza kwa mzunguko ulio sawa na wa mtutu wako, unaweza kutoa pesa.